Ujumbe Nilioufuta

Simu ya mama ikitetemeka juu ya kabati la bati ilikuwa kama nyuki aliyefungiwa mkebeni. Sauti alikuwa ameizima, lakini bati lilitetemeka nayo. Nilikuwa na miaka kumi, shule zimefungwa mwezi wa Aprili, na mvua ilikuwa imezigeuza njia zote za mtaa wetu wa Makina kuwa uji mweusi unaonuka mafuta ya taa na maganda ya ndizi. Msimu huo kila mtetemo ulileta habari moja tu: watoto wanaibwa. Leo ni gari jeupe lisilo na nambari, kesho ni mwanamke aliyevaa dera anayegawa peremende. Kulikuwa na sauti moja iliyorekodiwa, ya mtu tusiyemjua, iliyosema kwa kilio, "Wazazi wenzangu, shikeni watoto wenu." Mama aliisikiliza mara tatu huku amenishika mkono, kana kwamba tayari kuna mtu ananivuta upande wa pili. Hakuna mtoto hata mmoja tuliyemjua aliyekuwa amepotea. Lakini lisemwalo lipo, watu walisema, na kama halipo laja. Tukakaa tukilingoja.

Mama alikuwa akifua nguo za watu kule mtaa wa Ayany. Simu kubwa aliniachia mimi, yeye akabeba kabambe, simu ndogo ya vitufe, ili kukitokea jambo nimpigie. Ndani ya simu hiyo mlikuwa na kundi la ujumbe la ploti yetu, nyumba za kupanga za milango kumi na miwili, pamoja na majirani wengine wengi walioongezwa baadaye. Kazi yangu likizo hiyo ilikuwa kumwangalia Shantel wa mlango wa pili, mtoto wa miaka mitatu, kwa sababu mama yake aliuza viatu vya mitumba Soko la Toi. Niseme ukweli: nilikuwa mtoto wa aibu sana. Nikitumwa dukani nilisimama pembeni mpaka wateja wote waishe ndipo niseme ninachotaka, na mwenye duka aliniita Bubu. Kwenye simu, lakini, sikuwa bubu. Vidole havioni haya.

Asubuhi hiyo Shantel aliamka mwili moto. Nilimpigia mama yake, akasema, "Ngoja Brenda, wacha nione vile nitafanya," salio likaniishia, na yeye hakunipigia. Mtoto akalala. Nikafunga mlango wao, nikachukua mtungi nikaenda bombani, hatua chache tu kutoka langoni, simu mfukoni. Nilipoinua macho nikamwona mwanamke nisiyemjua akitoka kwenye ploti yetu na mtoto mgongoni, amemfunika leso mpaka kichwani. Mguu mmoja ulining'inia, na soksi yake nilikuwa nimemvisha mimi mwenyewe. Alipita karibu nami kiasi cha kusikia harufu ya moshi wa kuni kwenye nguo zake. Akanitazama. Nilichotakiwa kusema ni kidogo mno: "Sasa anti, unampeleka wapi?" Kuuliza si ujinga, mama alinifundisha hivyo. Nikatazama chini. Alipokwisha pita, nikampiga picha, nikaituma kwenye kundi na kuandika kwa herufi kubwa: HUYU MAMA AMEIBA SHANTEL ANAENDA NJIA YA SOKO. Sikuandika kwamba simjui. Niliandika ameiba.

Kelele ilianza kabla sijafunga bomba. Kwanza filimbi, halafu mabati yakagongwa, halafu miguu ya watu wengi kwenye matope. Nilipofika walikuwa wamembana ukutani nyuma ya kinu cha unga, hatua chache kutoka ploti yetu. Shantel alikuwa amepokonywa tayari, analia mikononi mwa mama mmoja.

"Mtoto ni wa nani?"

"Wa dada yangu. Wa Jerida."

"Jerida gani? Hapa hakuna Jerida!"

"Na anaitwa nani huyu mtoto? Sema haraka!"

"Kageha," akasema.

Wakacheka vibaya. "Skiza huyu! Ati Kageha! Huyu ni Shantel, mtaa mzima unamjua!"

Kwetu mwanamke akishazaa, jina lake mwenyewe huwekwa kando. Ni Mama Brenda, ni Mama Shantel, miaka nenda miaka rudi. Ungeuliza ploti nzima Mama Shantel alibatizwa nani, hakuna ambaye angekujibu, hata mimi niliyekula kwake. Na mtoto huwa na jina la nyanya lililobaki kule nyumbani, Vihiga au Siaya, ambalo jirani hana haja nalo. Yule mwanamke alikuwa akisema ukweli mtupu, na kila ukweli alioutoa ulimzamisha zaidi.

Hapo nikaanza kuelewa kwamba huenda Jerida ni Mama Shantel. Ningepaza sauti. Badala yake nilitoa simu, nikabonyeza ujumbe wangu, nikaufuta kwa kila mtu. Nilidhani kweli kwamba ujumbe ukifutika, watu nao watafutika, wataangalia simu zao, waone hakuna kitu, waende nyumbani. Sekunde chache tu, mwanamume mmoja akainua simu yake juu: "Wameufuta! Ujumbe umefutwa! Hawa watu wako na wenzao ndani ya kundi letu!" Jiwe la kwanza likaruka. Mtu akasema tairi liletwe, achomwe.

Mwenye ploti wetu, nyanya mmoja Mnubi mfupi kuliko mimi, alimkamata yule mwanamke mkono akamvuta ndani ya lango lake, akasimama mlangoni. "Hapa kwangu hafi mtu," alisema. "Mniue mimi kwanza, halafu mumwambie mwanangu mmeniua." Sikungoja nione kama watamsikia. Nilikimbia mpaka Toi bila viatu, nikampata Mama Shantel akipiga raba brashi.

"Mama Shantel," nikasema, "wewe unaitwa Jerida?"

"Nani amekuambia?"

"Wanamuua."

Aliangusha raba. Alipofika langoni alilia jina la dada yake kwa Kimaragoli, na kilio hicho hakuna aliyehitaji kutafsiriwa. Watu waliondoka mmoja mmoja, wakitazama simu zao kana kwamba zimewaita. Dada huyo, Anti Minayo, alikuwa amefika kutoka Vihiga asubuhi hiyohiyo, akapitia sokoni, akapewa ufunguo, akatumwa amlete mtoto apelekwe kliniki. Jicho lake moja lilikuwa limevimba na kufungika, na vidole viwili vimevunjika. Aliuliza jambo moja tu, kama Shantel amepewa dawa.

Ujumbe ule ulikuwa umetoka kwa jina la mama. Walipouliza kwenye kundi, mama aliandika, "Ni mimi. Nilikosea. Nisameheni." Kisha kesho yake akanishika mkono mpaka mlango wa pili. "Sema," akaniambia. Nikasema yote, nikitazama bandeji. Anti Minayo akanitazama usoni. "Ni wewe ulikuwa kwa bomba?" akasema. "Nilikuona. Nilitaka nikusalimie, nikaona haya. Mimi ni mgeni." Angenipiga, ningelia nikasahau. Maneno hayo sijayasahau.

Siku hizi tunakaa Gatina, Kawangware, ghorofa ya tatu. Niko kidato cha tatu, na simu ninayo yangu. Enzi zile picha yangu ilikuwa ya kweli, maneno ndiyo yaliyokuwa ya uongo. Sasa hata picha huwezi kuiamini, maana mtu anaweza kuketi kitandani akatengeneza uso wako ukifanya jambo ambalo hujawahi kulifanya. Wiki jana kundi la jengo letu lilileta picha ya yaya wa ghorofa ya tano, mkono juu, mtoto chini, na maneno: huyu afunzwe adabu. Vidole vya watu vilikuwa vimeanza kuandika. Nilitazama sana, sikuweza kujua kama ni yeye au ni mashine. Nikapanda ngazi kwenda kumwona. Mara mbili niligeuka nirudi. Bado ni yuleyule mimi, aibu haijaniacha, na hofu imeongezeka kwa sababu sasa najua inakoishia. Nikabisha hodi, na kabla mlango haujafunguliwa nikasema kwa nguvu, ili nisipate pa kujificha: "Ni Brenda wa chini. Nimekuja kukuuliza."