Msimbo Batili Juu ya Vumbi la Mbao

Nilifika Elburgon kwa sababu ya usingizi. Nilikuwa nimetoka Lodwar nyuma ya lori lililopeleka mbao huko na sasa linarudi tupu, na nia yangu ilikuwa Nakuru. Jua lilinichoma hadi Kapenguria, mvua ikanipokea Kitale, na kuanzia Timboroa baridi ikanikunja kama turubai kuukuu. Nikajifunika gunia moja na kulalia jingine. Nilipoamka lori lilikuwa limezimwa, hewa ilinukia mbao mbichi, na mzee mmoja mwenye kofia ya sufu na gambuti alikuwa ananitazama kama mtu aliyeletewa mzigo ambao hakuagiza.

Alitaka kujua nimebeba nini kwenye begi. Nilikuwa na simu tatu mbovu na fundo la waya za chaja, mabaki ya kibanda changu cha Lodwar. Alipoziona akafurahi. "Kumbe wewe ni fundi," akasema. Sikukubali wala sikukataa. Nilikuwa na njaa, na mahali fulani karibu chapati zilikuwa zinapikwa.

Hivyo nikabaki kwenye yadi yake ya mbao, nikipanga mbao mchana na kulala stoo usiku.

Mzee huyo hakuwa na ubao wa matangazo. Alikuwa na namba ya simu. Kutoka Molo hadi Njoro, kila jiwe kubwa kando ya barabara na kila ukuta wa nyumba iliyohamwa uliandikwa kwa rangi nyeupe: MBAO NA POSTI, kisha namba yake. Wateja wake wote walitoka kwenye mawe hayo. Alikuwa ameandika hata kwenye tangi la maji la kanisa, hadi mchungaji akamwomba kwa upole alipake upya.

Shida ni kwamba laini hiyo haikuwa na jina lake. Zamani, ilipokuwa inasajiliwa, kilichotumika ni kitambulisho cha mwenzake wa biashara. Baadaye wakagombana kuhusu msumeno, wakagawana mashine, na yule mwenzake akafungua yadi yake ng'ambo ya barabara, geti likitazama geti. Tangu hapo hawakusemeshana. Mmoja alipokuwa na neno la kumwambia mwingine, alilitangaza hewani huku akitazama kwingine.

Basi ukaingia ujumbe kutoka kampuni ya simu. Wenye laini za zamani wapige namba fupi ya huduma, ile yenye nyota na reli, wathibitishe kwamba bado wanazitumia. Wiki ikiisha kabla hujathibitisha, laini inafungwa, na ikifungwa atakayeweza kuirudisha ni mwenye kitambulisho peke yake. Yaani jirani. Mawe yote ya mzee wangu yangeanza kumtafutia wateja jirani.

Mzee akapiga. Simu yake ilikuwa Android ya kitambo, kioo kimepasuka kama matope ya kiangazi. Ikafikiri kidogo, kisha ikaandika: Tatizo la muunganisho au msimbo batili wa MMI. Yaani namba imekataliwa.

Nikamwambia tuitoe laini tuiweke kwenye simu nyingine. Hapo ndipo alipokiri kwamba aliikata mwenyewe kwa wembe ili itoshe, na kwa kuwa ilikuwa inachomoka kila akipanda lori, aliibandika kwa gundi ya viatu. Fundi mmoja alikuwa ameitazama akasema kuivuta ni kuizika.

Nikafanya yote niliyoyajua. Niliizima nikaiwasha. Nikaiweka katika hali ya ndege na kuitoa. Nikafuta kumbukumbu za programu ya kupigia. Mathe, yule mama wa kihoteli cha chapati kando ya yadi, akasema imeshikwa na baridi, akailaza kando ya jiko lake la chapati. Ilitoka hapo ikiwa moto na yenye mafuta, na msimbo ukabaki batili.

Basi mzee akarudi kwenye dawa ya kila mtu wa pale: kilima cha vumbi la mbao, kirefu kuliko paa la stoo, ambacho watu walikipanda kutafuta mtandao. Kule juu simu ilijaa mistari yote, na pembeni ikaandika 4G. Akapiga. Batili. Akainua mkono juu zaidi. Batili.

Jirani alikuwa amekaa kwenye gogo mbele ya geti lake. "Sijui yule mtu amefika mbinguni," akaiambia barabara. "Awasalimie huko."

Mzee akanitazama mimi niliyesimama chini. "Mwambie nimeulizia jina lake. Halipo."

Wakaendelea hivyo wiki nzima.

Siku ya mwisho mvua ilinyesha. Mzee akateleza kutoka juu, akashuka kwa makalio, na simu ikamtoka, ikatumbukia kwenye shimo la chini ya msumeno, mahali vumbi linapoangukia. Nikaingia kuitafuta. Nilipoipata ilikuwa na mstari mmoja tu, na ile 4G imetoweka, mahali pake pamekaa herufi E. Nikapiga ile namba kwa mzaha. Menyu ikafunguka kama mlango uliopakwa mafuta, ikauliza kama nataka kuendelea na laini hii. Nikabonyeza moja. Ikanishukuru.

Nakiri nilikaa mle kidogo zaidi nikijifanya bado natafuta, kwa sababu kule juu mzee alikuwa anamwahidi Mungu mambo mazuri sana.

Sababu ilikuwa ndogo. Juu ya kilima simu iling'ang'ania mtandao mpya wenye kasi, na kwa uzee wake haikujua kutuma misimbo kwa njia hiyo. Shimoni ilirudi kwenye mtandao wa zamani, ambao ilijuana nao. Nikaingia kwenye mipangilio nikachagua 2G peke yake, na tangu hapo msimbo ungefanya kazi hata kitandani. Mzee hakusadiki. Kila alipotaka kuangalia salio alishuka shimoni. Wafanyakazi wakamfuata. Sikuwasahihisha sana.

Mzee alipokwenda kanisani, jirani akapenya kwenye ua. Alinyoosha simu iliyokuwa pacha wa ile. Walizinunua Nakuru siku moja walipokuwa marafiki.

"Boss, hii dawa ya shimo inafanya kwa hii pia?"

Kumbe wiki ile yote aliyokaa kwenye gogo akicheka, yake ilikuwa inamkatalia vilevile. Nikamwambia inafanya, ila Nakuru, kwenye duka la kampuni ya simu, akishaihamisha ile laini ya mawe kwa jina la mzee. Akasema heri anunue simu mpya. Nikamrudishia. Akasimama nayo.

"Lini?" akauliza.

Mzee nilipomweleza akautazama mlango wa lori lake. "Mwambie asikae dirishani," akasema.

Tulikwenda kwa lori la mzee, dereva, mzee, jirani, na mimi katikati nikipitisha maneno. Dukani, msichana wa kaunta akasema laini itabaki ileile, jina ndilo litabadilika, ila mwenyewe atamke kwamba amekubali. Jirani akatazama dari. Akaitazama sana. Foleni ikaanza kukohoa.

"Sema basi, bwana," mzee akamwambia, uso kwa uso.

"Umenisemesha," jirani akasema. Kisha akamgeukia msichana. "Nimekubali."

Nje, kwenye kizingiti, nikagusa kioo cha simu ya jirani mara chache, nikaiweka 2G.

"Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu."

Alinitukana kwa lugha ya kwao, taratibu, kwa heshima. Mzee alicheka hadi akashika ukuta, na jirani akamgeukia akamuuliza anacheka nini na ule msumeno aliuharibu yeye. Mzee akasema nani, mimi? Wakapanda lori wakibishana, hawanihitaji tena katikati. Nilikuwa nimekuja na begi langu. Mzee aliliona, akauliza kama sirudi. Nikasema sirudi. Akataka kusema neno, lakini jirani alikuwa ametaja msumeno tena, na hilo hakuweza kuliacha lipite. Lori likaondoka na vichwa vyao vimeelekeana, nami nikashika njia ya mtaa wa Free Area kwa miguu.