Foleni ya Wenyeji

Dinko Burica alizaliwa Grohote, hapa kisiwani kwetu Šolta, akakulia hapa, akaoa hapa. Baadaye alipata kazi ya kuuza pampu za mabwawa ya kuogelea, akahamia na mkewe mji wa Split, ng'ambo ya maji, akanenepa kidogo. Hakuna aliyemlaumu. Wengi wamekwenda ng'ambo, na sisi tuliobaki si kwamba ni watu bora kuliko wao.

Kitu kimoja tu hakukihamisha, nacho ni anwani. Kwenye karatasi za serikali aliendelea kuishi kwa mama yake, Tonka, kwa sababu mtu wa kisiwa ana foleni yake bandarini. Mwezi wa nane wageni hujipanga juani tangu asubuhi, baiskeli juu ya magari, watoto wanalia ndani. Sisi tunapita pembeni, tunaonyesha kadi ya wenyeji, tunaingia kivukoni kwanza. Dinko alikuwa na kadi hiyo, na kila alipokuja alipita nayo kifua mbele.

Vinko, anayepanga magari kwenye mlango wa kivuko, alisoma naye darasa moja. Alikuwa akimtania.

"Mwenyeji wa Jumamosi huyo! Kuku wako hawajambo?"

"Wanakusalimu. Wanauliza utalipa lini mayai uliyokula."

Watu walikuwa wakicheka. Ulikuwa utani tu, na Dinko aliupenda, maana ulimfanya ajione bado wa hapa.

Jumamosi moja alikuja na bosi wake mpya, Tihomir, mtu wa mji mkuu, Zagreb, pamoja na mke wa bosi. Aliwaahidi samaki wa mama yake na kuogelea kwenye ghuba isiyo na watu. Gari lilikuwa kubwa, jipya, limejaa taulo, chupa na boya la mpira lenye umbo la bata. Walipoipita foleni ndefu ya wageni, Tihomir alipiga mluzi.

"Kumbe nimepanda gari la waziri!"

"Mimi ni mtu wa kisiwa," Dinko akasema. "Hapa mimi sisubiri."

Kivuko cha mchana kilikuwa karibu kujaa. Vinko aliingiza gari moja, akaingiza jingine, kisha akainua mkono kumsimamisha Dinko. Akaja dirishani, ameinama, jasho linamtiririka shingoni. Safari hii hakutania.

"Dinko, imebaki nafasi moja."

"Basi mimi ndiye wa mbele."

"Ndiyo, wewe ndiye wa mbele. Lakini nyuma yako yupo mjomba Jerko na shangazi Perina. Wametoka hospitali, shangazi kapasuliwa nyonga. Kivuko kingine ni cha jioni."

Dinko akatazama kioo cha pembeni. Aliliona gari jekundu la Jerko, kuukuu, dirisha moja limezibwa kwa taulo ili kuzuia jua. Jirani zake hao. Nyumba yao na ya mama yake zimetenganishwa na ukuta mmoja wa mawe.

Kama angekuwa peke yake angetoka kwenye foleni, hilo tunaliamini wote. Lakini bosi alikuwa amegeuka, anamtazama, bado anatabasamu kwa yale maneno ya waziri. Mkewe alikuwa anajipepea kwa kofia. Dinko alihisi uso unawaka moto, na badala ya kuuachia moto huo umrudishe kwenye akili zake, akaukasirikia.

"Nimetangulia, Vinko. Foleni ni foleni. Au kadi yangu haina kazi?"

Vinko akajinyoosha, akampungia mkono aingie kama anavyompungia mgeni yeyote, bila kumtaja jina.

Wanakijiji waliokuwa juu, kwenye sitaha, waliona yote. Mlango wa kivuko ulipoinuka, Jerko alikuwa amesimama kando ya gari lake kwenye zege la bandari, ameshika gazeti juu ya dirisha la mkewe. Dinko alipopanda na wageni wake kununua kahawa, hakuna aliyemtukana. Watu walisogea tu kumpisha, walivyowapisha wale wa Zagreb, na meza aliyokaa ilibaki na viti vitupu mpaka Rogač, bandari ya kisiwani.

"Si watapanda kijacho?" Tihomir aliuliza.

"Watapanda," Dinko akasema. Kahawa ilimshinda.

Habari ilifika Grohote kabla yake. Tonka aliwapokea wageni mlangoni kwa heshima zote, akawaketisha chini ya mzabibu, akawapakulia samaki wa kuchoma, mboga za majani na viazi, akawamiminia divai. Alicheka kila bosi alipotania. Lakini yeye hakumtazama mwanawe hata mara moja. Dinko akamfuata jikoni.

"Mama, nikueleze."

"Nieleze nini? Peleka mkate, wageni wanasubiri."

"Nilikuwa na watu. Ningefanyaje?"

Tonka aliweka kisu chini. "Baba yako alipofia Split, upepo wa kusini ulizuia vivuko vyote. Nani alimleta?"

Dinko akanyoosha mkono kuuchukua mkate.

"Nakuuliza. Nani alimleta?"

"Mjomba Jerko."

"Kwa mashua yake ya uvuvi, mawimbi yanampiga usoni, jeneza amelifunga kwa kamba zake za nyavu. Hakuuliza nani katangulia. Peleka mkate, Dinko."

Aliupeleka. Kisha akawaambia wageni wake waende kuogelea bila yeye, akawapa ufunguo wa gari lile kubwa, akashuka bandarini kwa miguu. Ni mwendo mrefu wa mteremko, hauna kivuli. Akiwa njiani alipanga maneno. Aliyapanga, akayapangua, na kila alipoyapanga yaliisha kwa yeye kusamehewa.

Kivuko cha jioni kilifungua mlango na gari jekundu likawa la kwanza kutoka. Dinko alisimama barabarani, mikono haijui pa kukaa. Jerko akafunga breki. Perina alikuwa kiti cha nyuma, amelala nusu, miguuni viatu vya hospitali, uso umevimba kwa joto. Alipomwona akajaribu kuinuka.

"Dinko! Mwanangu! Umekuja kumpokea nani?"

Hapo ndipo Dinko alipogundua kwamba shangazi hajui aliyewachukulia nafasi. Kule bandari ya Split alikuwa amelazwa nyuma, taulo dirishani, hakuona kitu. Alimtazama Jerko. Mzee alikuwa ameukazia macho usukani.

"Amekuja kutupokea sisi," Jerko akasema. "Ingia, kijana. Ngazi zetu ni nyingi, nahitaji mikono."

"Mnaona!" Perina akasema, sauti imekauka. "Nilikuwa namwambia mjomba wako, dunia imeharibika. Kuna mshenzi mmoja katuchukulia nafasi mchana, ana gari kama nyumba. Jerko anasema mtu wa Zagreb. Nimeungua kule kama dagaa. Laiti ungekuwepo, ungemtoa kwa masikio!"

"Shangazi..." Dinko akaanza.

"Ingia, mlango unaleta joto," Jerko akamkata.

Njia nzima Perina alimshika bega kutoka nyuma, akimuuliza habari za mke, za kazi, kama anakula vizuri. Nyumbani walimkalisha shangazi kwenye kiti cha jikoni, wakambeba, Dinko chini na Jerko juu, ngazi moja baada ya nyingine. Hakuwa mzito. Alipofikishwa kitandani alimtaka Jerko ampe Dinko tini, zile nzuri za chini kikapuni, si zile za juu. Dinko alizipokea kwa mikono miwili.

Uani, karibu na ule ukuta wa mawe, alimwambia Jerko, "Mjomba, kesho nitakuja nimwambie mwenyewe. Nitapiga magoti."

"Hutakuja."

"Siwezi kukaa na jambo hili."

"Utakaa nalo," Jerko alisema, bila hasira, na huko kukosa hasira kulimuumiza Dinko kuliko kofi. "Wewe ukimwambia, utalala vizuri. Yeye hatalala. Hana mtoto, anakuhesabu wewe kuwa mwanawe. Mimi sikukuficha wewe pale, usije ukadhani hivyo. Nimemkinga yeye."

Akaingia ndani, akafunga mlango taratibu ili asimwamshe mgonjwa.

Wiki iliyofuata Dinko alikwenda ofisi ya serikali akahamishia anwani yake Split, kadi akairudisha. Tangu siku hiyo anapokuja kwa mama yake hujipanga na wageni, dirisha wazi, mwezi wa nane wa joto na mwezi wa kwanza wa baridi. Mara ya kwanza Vinko alimwona huko nyuma akadhani amekosea.

"Upande huu, bwana!"

"Sina kadi."

Vinko alikuna kichwa. Hakumtania siku ile, na mpaka leo utani wa kuku haujarudi.

Perina alipona, anatembelea fimbo. Mkesha wa Krismasi huwaalika Tonka na Dinko kula samaki mkavu aliyepikwa na viazi, na majirani wengine pia. Kila mwaka, sahani zikishajaa, huwasimulia habari za yule mshenzi wa Zagreb. Kwenye kisa chake gari limezidi kuwa kubwa, na sasa dereva ana miwani myeusi na meno ya dhahabu. Meza nzima inainamia sahani, maana sote tunajua isipokuwa yeye. Jerko humega mkate polepole. Dinko hucheka pale anapotakiwa kucheka, kwa sababu Perina humtazama yeye kwanza kuona kama kisa kimenoga.

Mwaka jana, walipotoka, mawe ya uchochoro yalikuwa na utelezi wa mvua. Tonka alimshika mwanawe mkono, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu siku ile ya kivuko, na wakatembea hivyo mpaka mlangoni.