Usukani Ulizunguka Bila Mtu Kwenye Kiti

Usukani ulizunguka wenyewe. Kiti kilikuwa kitupu.

Nilikuwa nimeshuka kwenye kitrekta kunywa maji, injini nimeiacha inanguruma. Nikasikia kina mama waliokuwa wanapalilia wanapiga yowe. Nikageuka.

Usukani unakwenda kushoto, polepole, kama kuna mtu ameushika. Magurudumu ya mbele nayo yanafuata, yanasaga udongo.

Ukafika mwisho. Ukagoma hapo.

Kibuyu cha maji kikanidondoka.

Mimi ni Bibi Nyangi wa Machochwe. Macho yangu yamechoka, kwa hiyo mimi naongea, mjukuu wangu Philomena anaandika kwenye simu. Akiongeza chumvi namkatiza. Haya yalinipata mwaka 1958, nikiwa bado mke kijana, na mtoto mmoja, Matiko, ananyonya.

Mume wangu Mogesi alikuwa dereva wa kitrekta cha bustani ya misheni. Bustani ilikuwa bondeni, kando ya korongo, na mboga zake ndizo zilizolisha wagonjwa wa zahanati.

Kitrekta chenyewe kizee. Usukani mgumu, we acha tu! Kukata kona kwenye tope ilikuwa kama kumshika fahali pembe.

Mogesi aliweza. Vijana walikuwa wanakuja kutazama ile mikono yake tu.

Siku moja gurudumu likagonga jiwe, usukani ukarudi kwa nguvu, ukamvunja mkono wa kulia.

Msimamizi wa bustani, katekista Kornelio, akamwita fundi kutoka Tarime. Jina lake Nikodemo. Alikuwa amefanya kazi na mashine za mgodini, na alitahiriwa pamoja na Mogesi, kwa hiyo walikuwa kama ndugu.

"Mura, kijana mwenzangu, ubaya hauko kwenye mkono wako," alimwambia Mogesi. "Uko kwenye usukani. Nitafanya mafuta yakusaidie kusukuma."

Mafuta yasukume usukani? Tukatazamana.

Akaleta pampu aliyoing'oa kwenye mashine mbovu ya mgodini. Akaifunga ubavuni mwa injini, ikawa inazungushwa na mkanda. Akaweka mipira ya kupitisha mafuta, valvu ya kuyaelekeza, silinda ya kusukuma magurudumu, na kopo la mafuta juu yake. Nyie leo mnaita pawa steringi, mnaona kawaida. Sisi tulikodoa macho.

Akawasha injini. Akanitazama.

"Shemeji, njoo ujaribu wewe."

Nikapanda. Nikazungusha kwa kidole. Kidole, jamani!

Vigelegele vikapigwa. Kornelio akacheka, akasema, "Basi Mama Matiko ataendesha mpaka mwenzake apone."

"Sawa," Mogesi akasema, akaondoka zake.

Nikajifunza. Mistari yangu ikawa imenyooka, kabichi zikajaa. Mkono wa Mogesi ukaunga, ila ulipinda, na Kornelio akasema niendelee mimi.

Ndipo usukani ukaanza kujizungusha.

Maneno yakaenea haraka. Kumbe mashine iliyotolewa ile pampu iliwahi kuua mtu mgodini! Marehemu anatafuta mwenzake. Mama mkwe wangu, Mokami, akanishika kanga.

"Mwanangu, acha kile kitu. Hakikutaki."

Nikodemo alipokuja alicheka. Akafungua kopo, akachovya kidole kwenye mafuta, akasugua.

Akaacha kucheka.

"Mchanga," alisema. "Umeingia kwenye valvu ukaibana. Mafuta yanasukuma upande mmoja bila kuambiwa."

"Umeingiaje?"

"Hilo na mimi najiuliza, shemeji."

Akanifundisha kuosha vyote kwa mafuta ya taa, kuchuja mafuta kwa kitambaa, na kupima kwa kidole kabla ya kuwasha. Kifuniko akakifunga kwa waya.

Haikusaidia. Usukani ulijigeuza tena, safari hii nikiwa kitini, kitrekta nusura kimkanyage mama mmoja aliyekuwa anapalilia.

Sasa watu wakasema mchawi ni Nikodemo mwenyewe. Wakamfuata na marungu. Alipanda baiskeli yake akakimbilia Tarime, vifaa ameviacha. Mogesi, rafiki yake wa damu, alikaa kwenye kigoda akimtazama anavyokwenda.

Nilibaki peke yangu na kile kitrekta. Nikaosha kama nilivyofundishwa. Kila asubuhi nikawa napima mafuta kwa kidole. Kukatulia wiki nyingi, nikasema yameisha.

Asubuhi moja Mogesi akanikuta naosha uso.

"Nimeshakuangalizia mafuta," akasema. "Ni safi. Nenda tu."

Jamani, nilifurahi! Tangu nianze kazi ile hakuwahi kuniuliza hata kama nimechoka. Nikaenda naimba, bila kupima.

Matiko nilikuwa namwacha kwa mama mkwe. Siku hiyo Mokami akanikimbilia njiani na mtoto mikononi. Ameitwa msibani Morotonga, hana wa kumwachia. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikawasha, nikaanza kulima mistari ya chini, ile iliyo jirani na korongo.

Mara namwona Mogesi juu kule. Alikuwa amesimama anatazama. Nikageuza kitrekta, mgongo wangu ukamwelekea.

Nikasikia sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Nyangi! Ruka! Ruka na mtoto!"

Nikatazama nyuma. Anateremka mbio, anaanguka, anainuka.

Nilishangaa. Kitrekta kinakwenda vizuri. Usukani mwepesi kama siku zote. Nikampungia mkono.

Ndipo ukakaza.

Nikavuta, wapi! Ukaanza kuzunguka kushoto, unanivuta mikono, na kushoto ni korongoni. Nikakanyaga breki. Breki zenyewe zilikuwa za kuombea Mungu.

Nikaruka.

Nilijitupa kifudifudi ili mtoto abaki juu. Meno mawili yalibaki pale. Nikasikia vyuma vinalia kwenye mawe chini, halafu injini ikanyamaza.

Matiko akalia. Mzima!

Mogesi akafika, akamfungua mtoto mgongoni kwangu, akamkumbatia. Nikakaa, damu inanitoka mdomoni, namtazama.

Kitu kikanijia. Nikapata baridi juani.

"Baba Matiko. Ulipiga kelele usukani ukiwa bado mzima. Ulijuaje?"

Akakaa kwenye tope.

"Nilijua utaogopa tu," akasema. "Utaogopa, utaacha. Wananicheka, Nyangi. Wananiita mke wa dereva."

"Mchanga ulikuwa unatia wewe."

Akainamisha kichwa.

"Na leo nisingekuwa na mtoto mgongoni, ungepiga kelele?"

Akaendelea kumbembeleza mtoto.

Alikiri mbele ya wazee na mbele ya Kornelio. Watu walewale waliobeba marungu walikwenda Tarime kumwomba Nikodemo msamaha, wakamchinjia fahali. Kitrekta kikavutwa na ng'ombe kutoka korongoni, akakitengeneza upya, na ni mimi niliyekiendesha. Nilihamia misheni na mwanangu. Baba yangu alikasirika, ukoo ukakasirika, sikurudi kwa Mogesi.

Miaka mingi baadaye Mogesi akaugua ugonjwa uliomchukua. Nilikwenda kumwona. Nikampa uji, nikamfuta mdomo, nikamuuliza tena swali lile.

Aligeukia ukutani.

Nikamaliza kumpa uji, nikaondoka.

Wanangu mnaosoma hapa, tulimwogopa marehemu asiyetujua hata kwa sura, kumbe mwenye mkono mchafu tunakula naye sahani moja. Wivu wa mtu wa nyumbani hauji na sura ya kutisha. Mwenzako akianza kunyamaza kwa sababu kazi yako imekwenda vizuri, muulize mapema ana nini, tena muulize mbele ya watu. Mimi niliuliza nikiwa nimekaa kwenye tope.