Mwosha Maiti Aliponijia Ningali Hai

Kabla ya vita nilikuwa mchuuzi wa mbuzi Balambala. Niliwaswaga kwa miguu hadi Garissa, nikajiona mwanamume kamili kwa kuwa sikumhitaji mtu. Wala sikumfaa mtu. Mgonjwa akilala kwangu, wanawake walimhudumia. Mimi nilitoka nje kuangalia mifugo.

Kisha serikali ikatukusanya katika kijiji kimoja chenye uzio wa seng'enge, ili tusiwalishe mashifta, waasi waliopigana nayo porini. Majani ya karibu yakaisha, mbuzi wakaanza kuanguka. Kisima kilikuwa kimoja, na maji yake yalinuka.

Tumbo lilinishika asubuhi. Kufikia adhuhuri nilikuwa naharisha damu. Siku ya tatu sikuweza kufika chooni. Nilijichafua palepale mkekani, nikalia kwa aibu. Mke wangu Habiba alikwenda langoni kuomba kibali cha kunipeleka hospitali.

"Rudi kesho, mama," askari alimwambia. Kesho yake akaambiwa vilevile.

Tabibu aliyepita na lori alinifinya ngozi ya tumbo. Ilibaki imesimama, kwa jinsi mwili ulivyoishiwa maji. "Dawa zimeniishia kijiji cha jana," alisema, bila kunitazama.

Habiba alikuwa mjamzito, hakuweza kuninyanyua. Akaenda kumwita mzee Gedi, mwosha maiti wetu. Mtu huyo nilizoea kumsalimia kwa mbali, kwa kuogopa mikono yake. Nilipomwona mlangoni na birika lake, nilipiga ukelele.

"Adeer, mzee wangu, sijafa!"

"Najua," alisema, akikunja mikono ya kanzu. "Ninaowaosha mimi huwa watulivu."

"Toka!"

"Nitoke niende wapi? Lango limefungwa. Geuka, walaal, ndugu yangu."

Habiba alijiziba mdomo kwa mtandio, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Mzee alinigeuza, akaanza na upande wa kulia, kama afanyavyo kwa wafu. Alinifuta damu na kinyesi, akanitilia mdomoni uji mwepesi wenye chumvi. Nilitapika. Akaanza upya. Alifanya hivyo siku nne. Siku ya tano nilikojoa kwa mara ya kwanza tangu niugue, naye akasema "Alhamdulillahi" kana kwamba nimemletea ngamia.

Nilipoweza kusimama, nilimuuliza ni wanaume wangapi wengine wamelala wagonjwa.

"Tisa," alisema. "Na mgongo wangu ni huu mmoja."

Nikabeba birika.

Sitawadanganya. Hatukuponya wengi. Tuliwaosha wakiwa hai, kisha wengine tukawaosha tena kwa ajili ya kaburi. Mbuzi wangu wa mwisho alikufa siku hizo. Hata hivyo kila alfajiri niliamka nikijua ninakokwenda, na moyo ulitulia kuliko miaka yote ya biashara.

Kisha mzee Gedi mwenyewe akaugua. Nilikwenda langoni. "Rudi kesho." Nilirudi kwake mikono mitupu, nikachemsha maji.

"Niambie kweli," alisema. "Nitapona?"

"Sijui, adeer."

"Haya. Nigeuze polepole, wewe una mikono ya mchuuzi."

Alifariki Ijumaa, kabla ya swala.

Namshukuru Mungu aliyenibakiza, na Habiba, ambaye hakunionea haya. Nawe mwenye mgonjwa ndani na huna dawa, usisimame nje kwa sababu huwezi kumponya. Mimi nilisimama nje nusu ya maisha yangu. Chemsha maji, kunja mikono ya nguo, ingia.