Sindano Niliyoikataa Hadado

Niliondoka Garissa kwa sababu ya sindano. Homa ya matumbo ilikuwa imenilaza hadi nguo zikanipwaya, na niliporudi kukimbia na timu yetu ya wanawake, kocha aliniona nikihema kabla hatujamaliza mzunguko wa kwanza. Akatoa kichupa kwenye begi. Asidi amino, akasema, za kuyeyusha mafuta, kuongeza nguvu na kurudisha misuli upesi; wenzangu wote walikuwa wamekubali. Nilimwambia daktari ameniagiza chakula na mapumziko, hakutaja begi la kocha yeyote. Hapo akaniwekea sharti: likizo ya shule ikiisha nikubali sindano, la sivyo nafasi yangu apewe mwingine. Mimi ni mwalimu, na vitisho vya namna hiyo nimezoea kuvitoa, si kupewa. Nikafunga mzigo niende kwa abti, kaka wa mama yangu, anayefuga ngamia Hadado.

Basi lilitoka alfajiri. Kwenye kizuizi cha polisi tulishuka, tukaonyesha vitambulisho, tukapanda tena kama kawaida yetu. Baada ya Modogashe palikuwa na vichaka vya miiba, vumbi, na twiga ambao hawakujali tunaenda wapi.

Habaswein niliswali, nikanywa chai. Mama muuza chai aliposikia nimetoka kuugua, aliuliza kama nimedungwa. Kwetu dawa ya kumeza ni dawa nusu. Mgonjwa asiyechomwa sindano huonekana hajatibiwa. Nilimwambia nimemeza na nimepona, akanitazama kwa huruma. Kutoka hapo nilipanda pikapu ya jirani wa abti, pamoja na mbuzi.

Hadado tulifika alasiri. Abti alinishika mabega, akaona nilivyokonda.

Asubuhi, baada ya kula anjera, chapati zetu laini za asubuhi, alinijia na boksi la dawa za mifugo. Yeye huwadunga ngamia wake mwenyewe, na mkono wake unasifiwa hadi mbali. Bomba la sindano alikuwa ameshalichemsha. Chupa ilikuwa na picha ya ng'ombe, na chini yake nikasoma: vitamini na asidi amino. Nimemkimbia kocha, nikamkuta mwenzake!

"Abti," aliniita, kwani mjomba na mpwa huitana hivyo, "ngamia yangu ilianguka kiangazi. Nilidunga hii, ikasimama. Wewe kidogo hifi, itashindwa na wewe?"

"Abti, hiyo ni ya ngamia. Mimi sidungwi."

Majirani walikuwa wameketi hapo, wote wamesikia. Mkewe aliniinamia akaninong'oneza nikubali japo kidogo, nisimwaibishe mwenye nyumba. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, akaongeza. Nilimjibu kwamba miguu ndiyo hasa niliyokuja kuitafutia nguvu. Niliona haya, na nampenda abti kuliko nilivyowahi kumwambia, lakini mkono sikuutoa.

Alifunga boksi akaondoka. Kwa siku kadhaa hakunisemesha, ila kila jioni kibuyu cha susa, maziwa ya ngamia yaliyochachuka, kililetwa mlangoni kwangu. Nilikunywa, nikala nyirinyiri, nyama iliyokaangwa na kuhifadhiwa kwenye samli, nikalala, na asubuhi nikatembea nyuma ya ngamia. Mwanzoni walikuwa wakiniacha mbali. Siku nilipofika kisimani pamoja nao, abti aligeuka.

"Kesho tunaenda mbali," alisema. "Kula bizuri."

Ndiyo yalikuwa mapatano yetu.

Nilirudi Garissa nikiwa na nguvu, si kasi. Nilichojifunza ni kwamba mtu anaweza kukupenda kabisa na bado akashika sindano isiyo yako. Kumkatalia si kumchukia.

Kocha alinisubiri uwanjani na kichupa chake, wenzangu wakitazama.

"Nimemkatalia abti yangu mbele ya majirani zake," nilimwambia. "Wewe ni nani?"

Alinitoa kwenye timu hapo hapo. Uwanjani hakuweza kunitoa. Uwanja ni wa mji mzima, nami nakimbia hapo kila alfajiri, polepole, kwa nguvu zangu.