Moto Niliomnyima Zaina

Harufu ya kuni mbichi hunirudisha Miteja, masika yale nilipokuwa na miaka tisa na roho nyeusi kuliko masizi ya sufuria. Mvua ilinyesha mpaka viberiti vikalowa ndani ya makabati, kijiji kizima kikawa kinaishi kwa kuombana moto. Asiye na makaa alikwenda kwa jirani na kigae cha chungu, akapiga hodi, akapewa mawili matatu. Moto haunyimwi mtu. Hilo tulilijua kabla hatujajua kuhesabu.

Mimi nilikuwa na donge langu. Kabla ya Idi baba aliniletea kitambaa cha rangi ya waridi kutoka Lindi, nami nikaota gauni lenye marinda matatu. Mama akakipima, akatazama nyumba ya pili kwa Mama Zaina, ambaye alikuwa mjamzito na mumewe yuko mbali, akakata magauni mawili. Langu likatoka bila hata rinda moja. Nililia kwamba kitambaa ni changu. “Na Zaina avae nini, gunia?” mama akauliza. “Fimbo ya mbali haiui nyoka, Fatu. Siku ukikwama, atakayekuja ni huyo huyo.” Siku ya Idi kila mtu akasema Zaina kapendeza. Zaina! Kwa wivu nikaisusa hata pilau.

Wiki chache baadaye Mama Zaina akajifungua. Asubuhi moja mama alikuwa shambani, Zaina akaja na kigae chake, amelowa chapachapa. “Fatu, naomba moto. Mama hajakandwa, maji hayajachemka.” Nilijua vizuri kwamba mzazi hukandwa kwa maji ya moto, na jikoni kwetu makaa yalikuwa mekundu. Nikasimama mlangoni nikamwambia, “Umezimika.” Akanitazama, akainua macho juu ya paa letu, akasema, “Haya,” kisha akashika njia ya ng'ambo ya mto. Nikarudi ndani kuyafukia makaa kwa jivu, nikajiona mshindi. Ushindi gani huo, jamani!

Mama aliporudi alikutana na Zaina njiani, kigae kimejaa jivu la tope. Mvua ilikuwa imemzimia moto mara mbili. Mama akaingia jikoni kwetu, akagusa jivu letu, likamuunguza kidole. Hakunipiga. Alijaza makaa kwenye kigae, akayafunika, akasema, “Peleka wewe.” Nilimkuta Mama Zaina anatetemeka chini ya khanga tatu, mtoto kifuani. “Ahsante, mwanangu, Mungu akuzidishie,” aliniambia. Zaina akapokea kigae, akaanza kupuliza makaa.

Leo naishi Lindi mjini, ndani ya ukuta uliopandwa vipande vya chupa, na napikia gesi. Tukikutana na wenzangu tunalalamika: watoto wamelegezwa, hakuna wa kuwaonya, kila mtu na lake. Ni kweli. Juzi nilimkanya kijana wa jirani akanijibu, “Shangazi, hayakuhusu.” Nami hutikisa kichwa kama walii, wakati nilimnyima mzazi moto bila kufundishwa na simu wala televisheni. Mwezi uliopita gesi iliniishia nikiwa na homa. Nikatoka getini, nikayatazama mageti ya majirani, nisijue nigonge lipi. Nikanywa maji baridi, nikarudi kitandani.

Nilipopata nafuu nilikwenda Miteja. Kwa Zaina watu huingia jikoni kama kwao. Huyu kaja kuchota chumvi, yule karudisha kinu. Mama mmoja wa jirani alimgombeza mjukuu wa Zaina kwa kutoniamkia, na badala ya kununa, Zaina akamwambia, “Ahsante, dada, mnyooshe.” Kijana akaja mbio, “Shikamoo, bibi.” Nikaitikia marahaba huku wivu ule ule wa gauni ukinipanda, mtu mzima mimi. Ndipo nikamweleza Zaina habari ya moto. Akacheka mpaka akajifuta machozi.

“Niliuona moshi juu ya paa lenu, Fatu.”

“Mbona hukunisemea kwa mama?”

“Nikusemee, tugombane, halafu kesho nikaombe moto wapi?”

Mjini kwangu hakuna hata mtu mmoja ninayeogopa kugombana naye.