Nafasi Niliyoikataa Shanwe

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka vizuri hadi leo. Ni siku niliyotoka nyumbani kwa shangazi yangu, mtaa wa Misunkumilo, kwenda mtaa wa Shanwe kutafuta fundi wa kunifundisha kazi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo hayakunipeleka mbele. Baba alinileta Mpanda kutoka kwetu Usevya akasema nikae mpaka mvua za kwanza. Nisipopata pa kujifunzia, nirudi shambani.

Karakana ya kwanza niliyoingia ilikuwa ya Mzee Kashindye, Mnyamwezi mmoja mpole aliyetengeneza injini za dizeli. Nilimwamkia. Akaacha kazi, akafuta mikono, akanisikiliza. Wengi hawafanyi hivyo, ukimpata anayefanya umshukuru. Nikamwambia naomba kujifunza.

"Kujifunza nini, binti?"

"Kazi yoyote, mzee."

Akatikisa kichwa. "Hiyo siwezi kukufundisha, maana sijui inaanzia wapi. Nenda kaangalie watu wanavyofanya kazi. Ukishajua unachotaka, njoo tuongee."

Niliondoka nimekasirika. Nilidhani ameona mimi msichana akatafuta namna ya kunifukuza. Hata hivyo nilianza kupita kwa maseremala, kwa wachomeleaji, kwa mafundi cherehani, nasimama kidogo naangalia. Kwenye cherehani nilichoka upesi, sikufichi. Ila nilipofika kwenye mashine ya kukoboa mpunga, miguu iligoma kuondoka. Kule Usevya mashine ikiharibika wakati wa mavuno, mama na wenzake walikuwa wanalala nje na magunia yao wakisubiri fundi atoke mjini. Nikasikiliza ile injini, nikajiuliza kwa nini fundi huyo nisiwe mimi.

Kabla sijarudi kwa mzee, fundi mwingine mwenye gereji kubwa aliniita akasema nianze kesho yake. Nilimuuliza nitafundishwa nini kwanza. Akasema nitapika chai, nitafagia, nitafua maovaroli, ufundi nitauona huko mbele. Nikauliza huko mbele ni lini. Akacheka tu. Kufagia sikukuogopa, kila anayejifunza anafagia. Lakini nilimwona hana mpango wa kunifundisha, nikamshukuru nikakataa.

Shangazi alinisema jioni ile mpaka chakula kikapoa. Mawingu yalishaanza kujikusanya, baba ametuma salamu kwamba anakuja kunichukua, nami nakataa nafasi niliyopewa mkononi. Nilimwacha amalize. Kisha nikamwomba anisindikize kwa Mzee Kashindye.

Asubuhi tukaenda. Safari hii sikungoja kuulizwa. "Mzee, nataka kujifunza injini za mashine za kukoboa. Kwetu zikifa, watu wanalala nje."

Akafuta mikono. "Haya, sasa tunaweza kuongea."

Wakaongea yeye na shangazi, mimi nasikiliza: nitaanza na nini, nitajifunza kwa muda gani, jioni nitatoka saa ngapi. Akaahidi nikishaiva atanipeleka chuo cha ufundi nikapimwe nipate cheti, na alitimiza.

Baba alipofika alinikuta ndani ya ovaroli, mikono myeusi, nimefungua pampu ya dizeli, mzee akinielekeza. Alikaa juu ya tairi, akaangalia mpaka nikairudisha na injini ikawaka. Akarudi Usevya peke yake.

Nyie wa sasa mna simu, na unaweza kuwatumia mafundi wote wa Mpanda ujumbe mmoja kabla hujanywa chai. Tuma, sikukatazi. Lakini baada ya hapo nenda mwenyewe, usimame mbele ya mtu, useme kwa kinywa chako unataka kujifunza nini na kwa nini. Muulize naye atakufundisha nini. Hilo si utovu wa adabu, ni maisha yako unayouliza. Nenda na mtu mzima wa kwenu asikie makubaliano, hasa wewe binti. Ukikataliwa, uliza umepungukiwa na nini, halafu kakitafute. Na ukiona mahali watakutumia tu, ondoka kwa heshima, hata kama nyumbani watanuna. Watakuelewa siku wakikuona kazini.

Nenda, mwanangu. Mungu akukutanishe na mwalimu mwenye subira, akulinde na wenye nia mbaya, na kazi ya mikono yako ikulishe wewe na wote watakaokutegemea.